Kumheshimu Mzee si Kumkalisha

Imekuwa desturi katika nchi yetu kwamba mtu akistaafu, au akifikia umri ambao wajukuu wanaweza kumchotea maji, watu wa nyumbani mwake humwondolea kazi zote. Jembe hufichwa, kikapu cha sokoni hupokewa mlangoni, kiti huletwa kivulini, na mzee huambiwa: "Kaa Baba, umefanya kazi ya kutosha." Desturi hiyo imetokana na heshima, na heshima hiyo ni jambo jema ambalo halifai kupotea. Lakini baada ya mwaka mmoja au miwili mzee huyo huyo huanza kutembea kwa kujikokota. Suruali inampwaya. Akitaka kuinuka hushika ukuta. Na jamaa zake wakiulizwa ana nini, hujibu kwa maneno machache tu: "Ni uzee tu."

Leo tunasema kwamba jibu hilo si sahihi, na kwamba linawafupishia wazee wetu maisha.

Uzee ni hesabu ya miaka, na hakuna binadamu awezaye kuizuia. Hali tunayoizungumzia ni nyingine. Ni unyonge wa uzeeni, yaani mwili kupungukiwa na akiba yake ya nguvu hata pigo dogo likawa kubwa. Homa ambayo kijana huitibu na kurudi kazini baada ya wiki moja, humlaza mzee mnyonge kitandani, na akitoka hapo hawi tena mtu yule aliyekuwa. Wazee wawili wanaweza kuwa na miaka 70 kila mmoja, mmoja akawa anapanda kilima kwenda shambani kwake, na mwingine akashindwa kufika uani bila kushikwa mkono. Umri wao ni mmoja. Akiba yao si moja.

Wataalamu wameupima unyonge huu. Mwaka 2001 Dk. Linda Fried na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 5,000 wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Walitazama mambo matano: kupungua uzito bila kukusudia, kujisikia mchovu, mkono kukosa nguvu ya kushika, mwendo wa polepole, na kupungua kwa shughuli za mwili. Aliyekuwa na matatu kati ya hayo au zaidi alihesabiwa kuwa mnyonge. Baada ya miaka 7, katika kila watu 100 ambao hawakuwa na dalili hata moja walikuwa wamekufa 12; katika kila wanyonge 100 walikuwa wamekufa 43. Hata baada ya kuzingatia maradhi mengine waliyokuwa nayo, unyonge wenyewe ulibaki kuwa ishara ya hatari. Wala jambo hili si la nchi tajiri peke yake. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Kitanzania pamoja na wenzao wa Uingereza wamewapima wazee wa vijijini, na wameukuta unyonge huo huo.

Lakini kifo si hasara pekee. Mzee mnyonge huanguka, na akisha kuanguka mara moja huogopa kutembea. Akiogopa kutembea haendi tena msikitini wala kanisani, haonekani katika mkutano wa kijiji, hafiki msibani. Mzee ambaye hawezi tena kwenda kumzika jirani yake amekwisha punguziwa uhai, hata kama moyo wake ungali unapiga. Na mzigo huo haumwelemei yeye peke yake: mara nyingi ni binti yake anayeiacha biashara au kazi yake ili amwuguze.

Je, hali hii haina dawa? Kuna habari njema ambayo bado haijaenea kwetu. Mwaka 1994 Dk. Maria Fiatarone na wenzake wa Boston, Marekani, walieleza jinsi walivyowashughulikia wazee 100 wa nyumba ya kutunzia wazee, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 87. Baadhi yao walifanya mazoezi ya kuimarisha miguu kwa kuinua uzito kwa muda wa wiki 10. Nguvu za misuli yao zilizidi maradufu, na mwendo wao ukaongezeka kasi. Waliopewa chakula cha nyongeza bila mazoezi hawakupata faida hiyo. Kwa upande mwingine, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wazee wenye afya njema waliolala kitandani kwa siku 10 tu walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hatudai kwamba kila mzee anaweza kurudishiwa nguvu zake. Tunasema tu kwamba mwili wa mzee bado unajengeka ukitumiwa, na unabomoka upesi mno ukilazwa.

Huenda wakatokea watu watakaotuambia kwamba tunapinga mila. La hasha! Katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya Ujamaa, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba mzee aliyeonekana kustarehe katika jamii ya jadi alikuwa amekwisha ifanyia jamii hiyo kazi katika ujana wake. Starehe hiyo ni haki ya mzee, na hakuna anayetaka arudishwe shambani kwa lazima. Lakini kupumzika kazi ni jambo moja, na kuulaza mwili ni jambo jingine.

Tena yafaa tuseme kweli: si wazee wote wanaokalishwa. Wako bibi wengi vijijini ambao hadi leo wanalima, wanatwanga na kulea wajukuu walioachwa na wazazi wao. Hao hawanyong'onyei kwa kukosa kazi. Wananyong'onyea kwa kukosa chakula na matibabu. Kumshauri bibi kama huyo afanye mazoezi ni kumdhihaki. Anachohitaji ni maharage, dagaa, mayai na maziwa, ni miwani, ni mtu wa kumpokea mzigo, na ni kipato cha uhakika. Tangu Aprili 2016 Zanzibar inawalipa pensheni ya kila mwezi wazee wenye umri wa miaka 70 na zaidi, hata kama hawakuwahi kuajiriwa. Mfano huo Bara haina budi kuutazama kwa makini.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilikwisha tambua kwamba wazee ni hazina. Kazi iliyobaki ni kuilinda hazina hiyo, na kila mmoja wetu ana sehemu yake.

Kwanza, nyumbani. Tumwachie mzee shughuli anazoziweza: bustani, kuku, safari ya dukani. Tumpe ugali pamoja na mboga yenye kujenga mwili, wala tusimpe mabaki. Ngazi iwe na kishikio, na njia ya kwenda chooni iwe na taa.

Pili, zahanati. Dirisha la wazee lisiwe mahali pa kupokelea vidonge tu. Mganga mwenye mizani na saa ya mkono anaweza kumpima mzee uzito, kisha akamtembeza mita 4 kwa mwendo wake wa kawaida. Akitumia zaidi ya sekunde 5, hiyo ni ishara ya kumchunguza zaidi, kuzipitia upya dawa anazokunywa, na kumshauri juu ya chakula na mazoezi yanayomfaa.

Tatu, sisi wenyewe watumishi na walimu. Sheria inatutaka wengi wetu kustaafu tutimizapo miaka 60. Katika semina za wastaafu watarajiwa tunafundishwa habari za mafao na miradi, lakini ni nadra kusikia neno juu ya miguu itakayotupeleka kwenye miradi hiyo. Kiinua mgongo hakimwinui mtu kitini. Mwalimu aliyezoea kusimama darasani kwa miaka 30 akianza kukaa kutwa nzima, unyonge utaanza kumnyemelea kabla hajamaliza kuihesabu fedha yake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa unyonge huonekana mapema: katika mkanda unaokazwa tundu moja zaidi, katika mwendo unaopungua, katika mkono unaoshindwa kufungua kifuniko cha chupa. Tuuonapo kwa wazazi wetu tusiupite kwa kusema ni uzee tu. Tumpeleke mzee akapimwe, na tukirudi naye nyumbani, tutembee naye.