Gauni la Malkia

Ndugu msomaji, usidhani ni Pwani tu. Nenda Mwanza, pita madukani, utamkuta mzazi wa Kiislamu akihesabu fedha za mkopo ili bintiye avae, kwa siku moja, gauni jeupe la kuburura. Atakwambia, "Bila ya shela si harusi!" Jee, nani kasema? Mtindo huo ulienea baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa na gauni jeupe mwaka 1840. Ndiye huyo ambaye Speke alilipachika ziwa la Mwanza jina lake mwaka 1858, kana kwamba wenyeji hawakuwa na jina la kuliita. Lakini ziwa hatukuulizwa. Gauni twalifuata wenyewe, tena kwa deni!

Sisemi nyeupe ni haramu, wala bibi arusi asipambwe. Lakini Bibi Aisha (Radhiyallahu anha), katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, amesimulia kuwa alikuwa na kanzu ya dirham tano, na hapakuwa na mwanamke aliyepambwa Madina ila alituma kuiazima. Maarusi wa Madina waliazimana nguo. Binti yako ni nani hata aone haya kuvaa ya dada yake?

Na wewe mama, hilo lililovaliwa mara moja walifungia kabatini la nini? Jirani yako anaoza mwezi ujao.