CHUMBANI HAMNA CHEO

Mwana wa askari anapopata nafasi Chuo Kikuu cha Makerere, mjini Kampala, wazazi hushughulikia karo, wakasahau kwamba atalala chumba kimoja na mtu asiyemjua. Hilo nalo lahitaji matayarisho.

Katika mabweni kama Livingstone la wanaume na Africa la wanawake, wakaaji hutoka pande zote za Uganda. Huenda Mwacholi akapangwa na Mnyankole, au Mwislamu na Mkristo.

Sanduku lisiwe kubwa. Shuka mbili, blanketi, chandarua, ndoo, kandambili na kufuli imara vyatosha. Jiko la umeme lisipakiwe kabla ya kanuni za bweni kusomwa.

Lakini mwenendo wapita vyombo. Juma la kwanza wenzi wa chumba wapatane waziwazi: nani afagie siku gani, taa na simu zinyamaze saa ngapi, wageni waje lini, na ufunguo ukae wapi. Saa za sala za kila mmoja ziheshimiwe. Kitu cha mwenzi kisiguswe bila idhini. Deni, hata la sabuni, lilipwe upesi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mtoto wa kambini amezoea kubanana na majirani, lakini amezoea pia kusikia cheo cha baba kikitajwa. Chumbani mwana wa kanali na mwana wa konstebo ni sawa. Ugomvi ukizidi, mwanafunzi mwenyewe aupeleke kwa mlezi wa bweni. Mzazi asifike chuoni na magwanda kumtetea, kwani atamwachia mwanawe chumba chenye uadui hadi mwisho wa mwaka.