UKURASA WA MWALIMU: SAUTI YA CHUONI NDANI YA SIMU



Mwezi huu twataka kusema na walimu wenzetu wa vyuo vya Qur'ani, na wazazi wawapelekao watoto wao huko, juu ya chombo ambacho walimu wengi wanacho mfukoni, wala hawakitumii ila kwa kuitana na kupelekeana fedha. Chombo hicho ni simu, na hasa kinasa sauti kilichomo ndani yake. Hatuandiki kwa kuwa sisi ni mabingwa wa mitambo. Elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, na alifu tulijifunza kuiandika kwa wino wa masizi juu ya ubao. Twaandika kwa sababu simu ilitufedhehesha, na fedheha ile imetufaa.

Wanaoijua Kihurio wanajua kuwa mji wetu uko bondeni, chini ya milima ya Upare ya kusini, katika njia itokayo Same kupitia Kisiwani na Ndungu. Watu wengi ni wakulima wa mpunga, na watoto wengi nyumbani husema Chasu. Lugha hii wengine huiita Chasu na wengine Chathu, na katika majina hayo mawili msomaji ataliona jambo lenyewe: herufi hizi kwetu hupokezana mdomoni, na hapana anayejali. Lakini katika Qur'ani ziko thaa, siin na saad, na kila moja ina haki yake.

Siku moja baada ya Alasiri tuliwanasa watoto wetu wakisoma Surat An-Nasr kwa pamoja. Nia yetu ilikuwa kumpelekea mzazi mmoja aliyeko Dar es Salaam, apate kusikia maendeleo ya mwanawe. Usiku tukaketi kuisikiliza kwanza sisi wenyewe, kisha tukafuatisha sura ile ile kwa kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri (1917–1980), ambaye kisomo chake cha Qur'ani nzima kilinaswa mwaka 1961. Saad ya Sheikh ilikuwa nene, imejaa kinywa. Ya watoto ilikuwa nyembamba, siin tupu. Tukaisingizia simu. Tukasema, simu ya bei ndogo hii, itawezaje kuipokea saad? Lakini simu ile ile ndiyo iliyokuwa ikitutolea saad ya Sheikh! Mwishowe tukajinasa sisi wenyewe, peke yetu, mlango umefungwa. Ilikuwa siin.

Pengine msomaji atasema, herufi moja ni kitu gani? Nasr kwa saad ni nusura. Nasr kwa siin ni tai, yule ndege. Tena ndilo jina la mojawapo ya masanamu ya watu wa Nabii Nuh, lililotajwa katika Surat Nuh. Hukumu ya mwenye kukosea bila ya kukusudia twawaachia masheikh. Lililotuuma sisi ni watu. Wanafunzi wetu wa kwanza leo ni wazazi, nao wanawasomesha watoto wao kama tulivyowasomesha. Na yuko binti mmoja aliyehamia kwetu kutoka Tanga, ambaye alipoingia chuoni alikuwa akiitamka saad sawasawa. Tulimkosoa. Tulimkosoa mara nyingi, mpaka akaacha.

Asubuhi yake tulifunga safari ya Ndungu kwa mwalimu aliyetuzidi katika elimu ya tajwid. Hakutucheka. Alituambia kuwa siin na saad hutoka mahali pamoja, ncha ya ulimi ikiwa karibu na meno ya chini, ila katika saad shina la ulimi huinuka kuelekea kaakaani, na hapo ndipo sauti inaponenepa. Thaa ni nyingine, maana ncha ya ulimi hugusa makali ya meno ya juu. Haya simu haikuweza kutwambia. Ilitujulisha kuwa tumekosa. Namna ya kuuweka ulimi tulionyeshwa na mtu aliyetutazama kinywani, na ilituchukua wiki tatu. Kisha tukasimama mbele ya watoto tukawaeleza, tukamwomba radhi binti yule kwa jina lake. Wako wazazi waliosema kuwa tumejishusha. Sisi hatuoni hivyo.

Sasa tuwaeleze wenzetu tunavyofanya. Siku hizi hatuwanasi watoto kwa pamoja ila mara chache, kwa kuwa sauti ya wengi huficha. Yuko mtoto tuliyemdhania kuwa hodari, kumbe alikuwa akichezesha midomo tu. Humwita mmoja mmoja, nusu dakika kila mtu, na huanza kwa kutaja jina la sura na tarehe, ili sauti za mwezi huu zisichanganyike na za mwezi uliopita. Simu huwekwa juu ya kitambaa kilichokunjwa, kadiri ya shibiri moja kutoka kinywani, kwa sababu ikikaa juu ya meza tupu kila kishindo cha mkono huingia, na ikishikwa karibu mno pumzi huisumbua. Kabla ya yote huizima mitandao kwa kuiweka simu katika hali ya ndegeni. Hapo haipigwi katikati ya kisomo, na chaji hukaa. Mvua ikinyesha juu ya bati, acheni kunasa siku hiyo, mtapata mvua tu.

Jambo la fedha huwatisha walimu wengi, nalo si kubwa kama wadhanivyo. Kisomo cha al-Husary, na kile cha kufundishia ambamo Sheikh Muhammad Siddiq al-Minshawi husoma na watoto wakamfuatisha, hupakuliwa mara moja tu penye mtandao mzuri, vikawekwa katika kadi ya kumbukumbu. Baada ya hapo huhitaji bando. Sauti haili nafasi kubwa; mlaji ni video, nayo katika kazi hii haina haja. Spika ndogo ya kuchaji yatosha chumba cha watoto thelathini, na taa ya sola yenye tundu la kuchajia simu hufaa umeme unapokatika.

Lakini twamwonya mwalimu mwenzetu asiwashe spika kisha akatoka nje kunywa kahawa. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na masomo ya redio kwa watoto wadogo katika miaka ya 2000, yaliyoitwa Tucheze Tujifunze, na uzuri wake ulikuwa katika kunyamaza: redio huuliza, kisha hukaa kimya kidogo ili watoto wajibu. Nasi twafanya hivyo kwa kidole. Aya moja ya Sheikh, twasimamisha, watoto wanaisoma, nasi twatembea baina yao tukitazama vinywa. Akiwapo anayekosea, hurudiwa yeye, si chumba kizima.

Limebaki la amana. Sauti na picha ya mtoto si mali ya mwalimu. Tumeona katika makundi ya wazazi mtoto akirushwa huku anakosea, na watu wazima wakacheka. Hilo ni kumvunjia mtoto heshima, na sheria nayo imo: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, nayo huzihesabu taarifa za watoto katika zile nyeti. Kwa hiyo kisomo humpelekea mzazi wake peke yake, kwa idhini yake, na kila Alhamisi kabla ya kufunga chuo tunafuta vilivyokwisha sikilizwa.

Kile cha kwanza tu, cha mlango uliofungwa, hatujakifuta. Mwalimu kijana akija kwetu kuomba kusaidia kusomesha, twamsikilizisha hicho, kisha twampa simu akajinase naye.

Mwezi ujao, inshallah, tutaeleza namna ya kupiga picha ya ubao kwa ajili ya mtoto aliyeugua, bila ya mwangaza wa dirisha kuyafuta maandishi.

Wabillahi tawfiq.