UCHAMBUZI: Matangazo ndani ya WhatsApp yasiingie bila idhini yetu

MNAMO Juni 16, 2025, kampuni ya Meta ilitangaza kwamba matangazo ya biashara yangeanza kuonekana katika WhatsApp. Hatua hiyo ilizika ahadi iliyoujengea mtandao huo jina.

Mnamo 2012 waasisi wake, Jan Koum na Brian Acton, walieleza hadharani sababu za kutouza matangazo. Walishikilia kwamba palipo na matangazo, mtumiaji mwenyewe hugeuzwa bidhaa. Miaka miwili baadaye, Facebook iliinunua WhatsApp. Acton aliondoka 2017 naye Koum akafuata 2018. Ahadi yao ikabaki yatima.

Meta inajitetea kuwa matangazo hayo yatakaa tu kwenye chaneli na katika sehemu ya Hali, ambapo watu huweka picha na video zinazotoweka baada ya saa 24. Inasema mazungumzo, simu na makundi hayataguswa, na kwamba itategemea habari kama vile mji alipo mtu, lugha yake na chaneli anazofuata. Utetezi huo una uzito, lakini mnunuzi aliyevunja ahadi aliyoirithi hawezi kutulaumu tukiishuku ahadi yake mpya.

Kwa Mkenya, suala hili si dogo. WhatsApp ndiko chama hukutania, michango ya mazishi hupangiwa na mama mboga hupokelea oda. Mtu hawezi kuihama peke yake ilhali jamaa zake wote wamo humo. Isitoshe, tangazo la video hula bando alilolinunua kwa jasho lake. Anayetangaza humlipa Meta, na anayetangaziwa naye hulipia kutangaziwa!

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya raia. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019, katika kifungu cha 37, inataka idhini ya wazi kabla ya data ya mtu kutumiwa kibiashara, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Je, kubaki mahali kwa kukosa pa kwenda ni idhini?

Barani Ulaya, shinikizo la sheria liliifanya Meta, Novemba 2023, iwape watumiaji wa Facebook na Instagram nafasi ya kulipa ili wasionyeshwe matangazo. Tume ya Ulaya iliona chaguo hilo halitoshi, na Aprili 2025 ikaitoza faini ya Euro milioni 200.

Nasi sheria tunayo. Kilichobaki ni kuipa meno. Kamishna wa Data anafaa kudai kwamba kila Mkenya apewe njia rahisi ya kukataa habari zake kutumiwa kumchagulia matangazo, tena bila malipo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.