NJIA ZA MIGUU ZIINGIE KWENYE RAMANI KABLA HAZIJAISHA



Safari hii nimeomba nafasi niseme juu ya njia za miguu, zile zinazoshuka bondeni, zikavuka mto na kupanda vilimani. Najua wapo watakaocheka. Watasema: huyu naye, watu wanangoja mbolea na bei ya mahindi, yeye anatuletea habari za vijia! Sawa, ndugu yangu. Lakini hayo mahindi unayatoaje shambani? Lori linaishia barabarani. Kutoka shamba la ng'ambo hadi lilipo lori, gunia linakwenda kwa kichwa, au kwa baiskeli, au kwa mgongo wa punda. Kinachobeba mazao ya Ufipa mwanzo kabisa si lami, ni kijia. Na vijia hivyo vinakufa, tena tunaviua wenyewe.

Vinakufa kwa namna mbili. Ya kwanza ni matuta. Kila mtu hapa anaijua ntumba: unakusanya majani, unayafukia, unainua tuta, na mwaka unaofuata ardhi inakupa chakula. Ni elimu ya wazee wetu na mimi siipingi hata kidogo. Shida ni kwamba mvua zikielekea kwisha na udongo ungali laini, mtu anainua tuta moja katikati ya njia. Mwaka wa pili anainua la pili. Mwaka wa tatu ukipita hapo anakuuliza, "Unakwenda wapi kwenye shamba langu?" Mama mwenye mtoto mgongoni na debe kichwani anazunguka mashamba matatu kuufikia mto uleule aliokuwa akiufikia kwa dakika chache. Hakuna aliyekata shauri kuifunga njia. Imefungwa tu, tuta kwa tuta.

Namna ya pili ni viwanja, na hii ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu tuta unaweza kulibomoa kwa jembe lakini nyumba ya matofali huibomoi. Izia ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga. Tunalima kama wanakijiji, lakini ardhi yetu inachorwa kama ya mjini. Mpima akija na vyombo vyake anafuata mchoro. Barabara iliyo kwenye mchoro inapona. Kijia kisichochorwa, hata kama babu yako alikipita akiwa kijana, kwenye karatasi ni kama hakijawahi kuwako. Kiwanja kinapita juu yake, anapewa mtu hati, anajenga ukuta, basi. Hapo hata ukienda kulalamika utaonekana mkorofi.

Kwa wenzetu wa vijijini kidogo wana kinga. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua ardhi ya matumizi ya wote, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inawapa nafasi ya kukaa na kupanga wenyewe: hapa malisho, hapa msitu, hapa njia. Sisi wa pembeni mwa mji nafasi yetu ni pale tunapoitwa kwenye mikutano ya urasimishaji na upangaji wa viwanja. Na kwenye mikutano hiyo nani huenda? Wachache. Wengine tuko shambani, jioni tunauliza kulisemwa nini.

Tusidhani vijia hivi ni vya jana. Nchi yetu imekaa juu kama meza. Mashariki kuna Ziwa Rukwa na magharibi Ziwa Tanganyika, yote mawili chini yetu kwa karibu mita elfu moja. Mtu wa Ufipa akitaka samaki ilibidi ashuke, na mtu wa bondeni akitaka jembe ilibidi apande. Majembe yalitoka hapa. Mabaki ya malungu, zile tanuru za udongo zilizozidi kimo cha mtu, ambamo wazee waliyeyusha chuma, bado yapo porini, na yeyote aliyechunga ng'ombe amewahi kuyakuta. Chuma hicho hakikusafiri kwa gari. Kilishuka Lyamba lya Mfipa kwa mabega ya watu. Mwaka 1880 Mwingereza Joseph Thomson alipopita huku na kuliona Ziwa Rukwa alilibandika jina la Leopold, mfalme wa Wabelgiji, kama kwamba lilikuwa likimngoja yeye. Mbona alifika kwa njia zilizokwisha kukanyagwa na wenyeji na wapagazi?

Sasa nije kwenye lile linalozungumzwa siku hizi, la wageni wanaopenda kutembea kwa miguu milimani. Wengine wanaliona kama kichekesho: mtu ana nauli ya ndege halafu anataka kupanda mlima kwa miguu! Lakini kutembea si alama ya unyonge. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, na hakukosa gari. Mkoa wetu una vitu vya kutembelea kwa namna hiyo. Kuna msitu wa Mbizi juu ya mji. Kuna ukingo ambapo mtu anasimama na kuiona Rukwa imelala chini kama ngozi iliyoanikwa. Kuna Kasanga na boma la Wajerumani, waliopaita Bismarckburg. Na kuna Kalambo mpakani na Zambia, ambapo mto unaanguka kwa mruko mmoja zaidi ya mita 200. Juu kidogo ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, wataalamu walitangaza mwaka 2023 kwamba wamekuta magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na watu miaka 476,000 iliyopita. Kumbe hata wakati huo kulikuwa na mtu aliyeona uvivu kukanyaga matope akaweka gogo! Sisi wa leo kivuko kimoja kinatushinda.

Wageni waje. Ila naomba tuelewane jinsi ya kuwapokea. Pale Lushoto, milima ya Usambara, shughuli hii ilianza miaka ya 1990 kwa mpango wa utalii wa utamaduni. Mgeni anatembea kijiji hadi kijiji kwa njia zilezile ambazo wanakijiji wanakwendea sokoni na shuleni, anaongozwa na kijana wa hapohapo, anakula na kulala kwa wenyeji. Hawakumjengea njia yake peke yake. Hilo ndilo la kuiga. Mimi sitaki kuona njia ya mtoni imetengenezwa vizuri, imewekwa kibao, halafu mama wa hapa anaambiwa azunguke kwa sababu anaharibu mandhari, au anadaiwa kiingilio kwenda kuchota maji. Njia ikiwa nzuri kwa mwenye gunia, mwenye mkoba mgongoni atapita pia. Kinyume chake si lazima kiwe kweli.

Na asituambie mtu kwamba haya ni mambo ya nchi maskini. Uingereza, Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi kutoka Manchester na miji ya jirani, walipanda kwa makusudi mlima Kinder Scout, ambao wenye ardhi waliufunga kwa ajili ya kuwinda ndege. Vijana watano walifungwa jela. Lakini mwaka 1949 ilipitishwa sheria ya kuzitaka halmashauri zichore ramani za njia zote za miguu ambazo umma una haki ya kuzipita. Njia ikiingia kwenye ramani hiyo, mwenye shamba haruhusiwi kuifunga kwa kupenda kwake. Wao walichelewa wakalipa kwa jela. Sisi hakuna aliyetufungia kwa bunduki. Tunahitaji tu kalamu na miguu.

Maoni yangu basi ni haya. Chama kiteue wazee wanaokumbuka njia za zamani, kina mama wa mtoni wasiachwe, maana wao wanazijua kuliko sisi, na vijana wenye simu zinazoweza kunasa njia mtu anapotembea. Wazipite zote kwa miguu, kutoka mtoni hadi vilimani, wakiwa pamoja na wenye mashamba ili pasiwe na fitina. Mchoro wao upelekwe ofisi ya kata na kwa afisa mipango miji kwa barua yenye muhuri wa chama, kabla wapima hawajafika, si baada. Upana wa kupishana punda wawili unatosha, hatudai barabara. Karibu na mto tuwe waangalifu: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, kwa hiyo tusipanue njia ya huko kuwa ya mikokoteni, na vinyungu vilivyokwisha kuingia humo tuviseme waziwazi. Najua vingine ni vya viongozi wetu. Navisema hivyohivyo.

Kuhusu fedha za wageni, kama zitakuja, kiasi fulani kibaki kwenye kusafisha njia na kuweka magogo ya vivuko, na hesabu zibandikwe hapahapa ukutani kila mtu azione. Fedha zisizobandikwa zinajulikana huwa zinakwenda wapi.

Jambo hili liwekwe kwenye ajenda ya mkutano ujao, na lisiwekwe mwisho wakati watu wamekwisha kuchoka na kuanza kuondoka. Kila mwanachama aje na jina la njia moja anayoijua ambayo imezibwa au inaelekea kuzibwa. Asiyeweza kuja, na anayenipinga pia, aandike chini ya karatasi hii. Nafasi nimeiacha, na kalamu imefungwa kwa uzi kwenye msumari.

Mwanachama mwenzenu, Izia.