Keto, kalori na mbio za asubuhi: kilo zinapungua namna gani, na nani analipa bei yake?

Kwenye simu za watu wa Bukavu, Goma na Lubumbashi, video hizo zinafanana. Mtu anaonyesha picha mbili: moja ana tumbo kubwa, nyingine ana kiuno chembamba. Anasema alipunguza kilo kumi na tano kwa kuacha bugali, wali, viazi, mkate na sukari. Sasa anakula nyama, mayai, samaki, avoka na mafuta. Kalori za kila sahani anaziandika katika programu ya simu, na asubuhi anakimbia. Chakula hicho kinaitwa keto.

Katika nchi yetu, habari kama hii inaweza kuonekana kuwa mzaha. Mwanzoni mwa 2025, ripoti ya IPC, ile inayopima hali ya chakula, ilihesabu karibu watu milioni 28 wenye njaa kali katika Kongo nzima. Ituri, Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Tanganyika ni kati ya majimbo yaliyoumia zaidi. Lakini mjini, njaa na unene vinaweza kukaa katika lupango moja. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba mwaka 2022 mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa na unene wa kupita kiasi. Unene huo unatembea pamoja na tansio na ugonjwa wa sukari, na hayo ni magonjwa ambayo kila familia ya mjini inayajua leo.

Kwa hiyo mtu anayetaka kupunguza kilo ana sababu yake, na hatupaswi kumcheka. Kinachofaa kuchunguzwa ni kama keto ndiyo njia inayomfaa, na nani katika nyumba atalipa bei yake.

Dawa ya kifafa iliyogeuka kuwa chakula cha kukonda

Keto haikutengenezwa kwa ajili ya watu wanene. Mwaka 1921, munganga Russell Wilder wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, aliipendekeza kwa wagonjwa wa kifafa. Waganga walikuwa wameona kwamba mgonjwa akifunga kula, kifafa kinapungua. Lakini hakuna mtu anayeweza kufunga siku zote. Wakatafuta chakula kinachoufanya mwili ufikiri kwamba umefunga: mafuta mengi, na wanga kidogo sana. Wanga ndicho kile kilichomo katika unga, mchele, viazi, ndizi na sukari. Hata leo keto inatumiwa kwa watoto wenye kifafa kinachokataa dawa, chini ya uangalizi wa waganga.

Mtu akishuka chini ya gramu 50 za wanga kwa siku, ini linaanza kugeuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo na misuli vinatumia ketoni hizo mahali pa sukari. Jina la keto linatoka hapo. Mawazo ya kuacha wanga ili kukonda yalienea Marekani hasa baada ya kitabu cha munganga Robert Atkins mwaka 1972. Simu zimeyaleta hadi kwetu.

Kilo za wiki ya kwanza

Wanaoanza keto wanafurahi haraka. Katika wiki moja mizani inaweza kuonyesha kilo mbili au tatu zimepotea. Lakini sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji. Mwili unaweka akiba ya sukari katika ini na misuli, karibu gramu 400 hadi 500, na kila gramu inashika karibu gramu tatu za maji. Wanga ukikosekana, akiba inatumika na maji yanatoka kwa mkojo. Siku utakayorudia bugali, maji yatarudi, na wewe utasema "keto imenisaliti".

Na baada ya hapo? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiongozwa na Christopher Gardner, walitangaza matokeo ya watu 609 waliofuatwa kwa mwaka mmoja. Kundi moja lilipunguza mafuta, lingine lilipunguza wanga. La kwanza lilipoteza wastani wa kilo 5.3, la pili kilo 6. Tofauti hiyo ni ndogo mno kutangaza mshindi. Ndani ya kila kundi walikuwemo watu waliopoteza kilo nyingi sana na wengine walioongeza.

Keto inafanya kazi, kwa watu wengi, kwa sababu moja isiyo na uchawi: ukiondoa bugali, mkate, mandazi, soda na bia, umeondoa karibu vyote vinavyoliwa bila kufikiri. Nyama na mayai vinashibisha. Mtu anakula kidogo kuliko alivyotumia, na mwili unachukua akiba yake. Yule anayefika kwenye hesabu hiyo kwa maharage na lengalenga atapunguza kilo vilevile.

Kuhesabu kalori mbele ya sahani moja

Gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4, gramu moja ya mafuta ina 9. Kijiko kimoja kikubwa cha mawese kina karibu kalori 120. Chupa kubwa ya bia, ile ya sentilita 72, ina karibu 300. Soda ndogo ina karibu 140, na zote zinatoka kwa sukari.

Namba hizo zinafundisha. Mtu anayelaumu bugali mara nyingi hajahesabu chupa tatu za Jumamosi, ambazo peke yake ni kalori 900, wala mafuta yaliyokaangia ndagala.

Lakini programu za simu haziijui nyumba yetu. Sombe ya mama mmoja ina kijiko kimoja cha mawese, ya mwingine imeogelea. Bugali unawekwa katikati, watu watano wanakata matonge, na hakuna anayejua alikula gramu ngapi. Kwa hiyo kazi ya kuhesabu inaanzia jikoni, kabla ya chungu kupanda moto: pima unga kwa kikombe kilekile kila siku, pima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka chupani, kisha gawa kwa idadi ya walaji. Atakayekula hapa pembeni aandaliwe sahani yake. Hesabu hiyo haitakuwa sawa kabisa, lakini itaonyesha mahali kalori zinapojificha. Wiki mbili zinatosha kwa wengi kuona.

Mbio zina kazi nyingine

Kukimbia kunatumia karibu kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 80 anayekimbia kilomita 5 anatumia karibu kalori 400. Hiyo haifikii hata chupa mbili za bia. Anayekimbia Jumapili asubuhi na kikundi chake, wakiimba, halafu wote wakaketi kwenye nyama choma hadi jioni, asishangae mizani ikikataa kusogea.

Somo kubwa juu ya jambo hili linatoka kwa majirani zetu. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu ambayo Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania, watu wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, wanatumia kwa siku. Matokeo yalitoka mwaka 2012. Wahadza wanatembea sana kila siku, lakini ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, jumla ya kalori wanazotumia ilikaribiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Inaonekana mwili unaozoea kazi nyingi unabana matumizi mahali pengine.

Hilo halisemi kwamba mbio ni bure. Zinasaidia moyo, zinateremsha tansio, zinasaidia sukari ya damu, zinaleta usingizi, na zinamsaidia mtu aliyekwisha kupunguza kilo asizirudishe. Anayeunganisha mbio na keto ajue kwamba wiki za kwanza miguu itakuwa mizito na kichwa kinaweza kuzunguka, kwa sababu mwili unapoteza maji na chumvi. Aanze kwa kutembea haraka, anywe maji, na asiache chumvi kabisa, isipokuwa kama munganga wake amemkataza. Na katika miji yetu ya leo, kukimbia gizani si ushujaa: mchana, njia inayojulikana, pamoja na wengine.

Nani anakula yai?

Hapa ndipo video za mbali zinaponyamaza. Gramu 60 tu za unga mkavu wa muhogo zinamaliza wanga wote ambao keto inaruhusu kwa siku nzima. Maana yake, anayefuata keto haruhusiwi kupunguza bugali. Lazima autoe kabisa, na nafasi yake ijazwe na nyama, mayai, samaki na jibini. Lakini bugali ni kati ya kalori za bei ndogo sokoni. Tangu vita ilipofika Goma mwezi wa kwanza 2025, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukasimama, na makuta yakawa magumu zaidi kupatikana. Kubadilisha unga kwa nyama wakati huu ni uamuzi wa nyumba nzima, hata kama anayekonda ni mtu mmoja.

Tuseme baba ameamua kufuata keto, na mshahara ni uleule. Mayai manne na sambaza zilizokuwa zinagawanywa kwa wote zinaishia kwenye sahani yake, na watoto wanabaki na bugali na mchuzi. Kivu inaujua ugonjwa unaotoka katika sahani ya namna hiyo: bwaki, miguu iliyovimba na nywele zilizobadilika rangi. Mtu mzima mwenye akiba ya kilo ishirini mwilini anaweza kungoja. Mtoto wa miaka miwili hawezi.

Wasioweza kujaribu peke yao

Mgonjwa wa sukari anayetumia insulini au glibenklamide akiacha wanga ghafla bila munganga kupunguza dawa, sukari yake inaweza kushuka hadi azimie. Akiacha insulini kwa sababu video imesema keto "inaponya", anaweza kufa. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha, na mtu mwenye figo dhaifu, wasianze bila kuuliza munganga. Na anayekonda bila kutaka, akiwa na kiu na mkojo mwingi, apimwe sukari. Akiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, apimwe kifua kikuu. Huyo asipongezwe.

Kwa wengine wengi, lengo la maana ni dogo kuliko la video. Kupunguza kilo 5 hadi 10 kwa kila kilo mia tayari kunasaidia tansio na sukari. Kwa mtu wa kilo 90, hiyo ni kati ya kilo 4 na nusu na 9. Hazihitaji kufukuza bugali mezani. Zinahitaji tonge mbili kwa nne, nusu ya sahani iwe mboga, maharage au sambaza zisizoogelea mafutani, maji mahali pa soda, chai yenye sukari kidogo, bia ihesabiwe. Mizani mara moja kwa wiki, asubuhi ileile. Miguu kila siku.

Keto si uongo, na waliokonda kwayo hawadanganyi. Lakini ilizaliwa hospitalini, kwa wagonjwa waliolindwa na waganga, na imekuzwa katika nchi ambazo nyama na mayai havikosekani nyumbani. Kabla ya kuileta jikoni kwako, angalia kwanza wale unaokula nao. Ikiwa kilo zako zitapungua kwa kuwaondolea watoto yai lao, umehamisha tu tatizo kutoka kwenye tumbo lako hadi kwenye miguu yao.