Usiamini Nambari ya Kwanza ya Memori

Hapa Kombewa utakuta saiba yenye kompyuta za mtumba za GB 4. Zikianza kukwama, mwenye duka hufungua Task Manager, huona programu fulani inakula MB 500, kisha huilaumu. Mimi nasema nambari hiyo peke yake haitoshi kuhukumu.

Programu haichukui memori kwa mkupuo. Kwanza hutenga anwani, kama mtu anayepigilia vigingi kwenye ploti. RAM bado haijaguswa. Kisha Windows huiahidi nafasi. RAM yenyewe hutolewa programu inapoigusa nafasi hiyo mara ya kwanza, kwa kurasa za baiti 4,096. Nambari ya kawaida ya Task Manager huhesabu kilichomo ndani ya RAM sasa hivi, na RAM ikibana Windows hukipunguza. Ndiyo maana inaweza kushuka ilhali programu haijarudisha kitu.

Nenda kwenye Details, ongeza safu ya Commit size, halafu rudia kazi ileile mara kumi: fungua faili, chapisha, funga. Nambari ikipanda kidogo kisha ikatulia, hiyo ni akiba ya programu, iache. Ikipanda kila mara bila kutulia, memori inavuja. Kuongeza RAM hapo ni kuahirisha tatizo tu. Ifunge programu na kuifungua upya, kisha mdai aliyeiandika airekebishe.

Pima kwanza, ndipo utoe pesa.